Yai la Siku ya Thelathini

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi hapa Ngulyati, mwanangu, nilipovunja yai la mtu mwingine kwa sababu tu nilichoka kutojua kilichomo ndani yake.

Nakuanzia hapo kwa sababu jana uliniuliza neno "kuatamia" lina maana gani na linatumikaje, ukasema mwalimu wenu wa tuisheni ya kujiandaa na kidato cha tano anataka sentensi. Ningekujibu kwa mstari mmoja. Lakini chini ya swali lako uliongeza maneno mengine, kwamba tangu mmalize mtihani wa kidato cha nne huli vizuri, hulali vizuri, na kila ukipata simu ya mama yako unatafuta kama matokeo yametoka, ingawa unajua fika kwamba siku yake haijafika. Nikaona maswali yako mawili yanaweza kupata jibu moja, nikaamua kukaa chini na kuandika kwa urefu.

Usishangae nikikuita mwanangu. Sijafika umri wa kutoa nasaha, na bibi yetu akiona barua hii atacheka. Lakini wewe, Limi, ni mtoto wa kaka yangu, na kwetu Wasukuma mtoto wa kaka yangu ni wangu pia. Kosa nililolifanya nina haki ya kukuachia wewe kwanza.

Maana ya neno ni nyepesi. Ndege anaatamia anapokaa juu ya mayai na kuyapa joto la mwili wake mpaka vifaranga vitoke. Ukimwekea kuku mayai akayakalia, umemwatamisha. Ile mashine ya kutotolesha kule Bariadi mjini nayo unaweza kusema inaatamia, ingawa haina mbawa. Waganga wa hospitali hulitumia kwa ugonjwa uliokwisha kuingia mwilini lakini bado haujaonyesha dalili. Na mtu akikalia faili la mwenzake ofisini, halisomi wala halirudishi, utasikia wanasema ameliatamia. Hapa kijijini neno lenyewe hulisikii sana. Watu husema kuku "amelalia". Ukimwambia bibi kwamba kuku wake anaatamia atakuelewa, ila atakutazama kama mtu aliyevaa viatu vya harusi kwenda kupalilia pamba.

Hayo yote niliyajua kabla ya siku ile. Nilikuwa na shahada ya ualimu, somo langu Kiswahili. Nilikuwa nimerudi nyumbani kusubiri ajira, nimeshatuma maombi kwa mtandao, na kazi yangu ya kutwa ilikuwa kushika simu. Niliamka nayo, nikapika nayo, nikaenda nayo kisimani. Kila ikilia moyo uliruka. Isipolia niliizima na kuiwasha tena, nikidhani labda imeharibika.

Wakati huo mdondo ulikuwa umepita kijijini na kufagia kuku. Kwa bibi walibaki wawili tu, jogoo mmoja na tetea mweusi asiye na manyoya shingoni, ambaye tulimwita Kishingo. Siku Kishingo alipoanza kuvimbisha manyoya na kukataa kutoka kwenye chungu kibovu cha stoo, bibi alifurahi kama aliyepata mgeni kutoka mbali. Alikuwa ameshaanza kuweka mayai ya Kishingo kwenye bakuli la pumba, akitafuta mbegu mpya ya kuku.

Asubuhi iliyofuata akaja jirani yetu, Mama Masunga, amekumbatia kitu ndani ya kanga yake.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimia bibi.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu, ila kicheche amenimaliza. Amemla bata jike jana mchana, mchana kweupe! Ameniachia dume na mayai haya sita."

Lazima ujue kuhusu bata wale. Marehemu mume wake aliwaleta yeye mwenyewe kutoka Mwamanyili, kwa ndugu zake wa kule karibu na ziwa, dume na jike ndani ya kapu moja, mwaka mmoja kabla hajafa. Hakumwachia mkewe vitu vingi. Mama Masunga alikuwa akiwatupia bata wale makombo na kuwasemesha kama watu wa nyumbani. Sasa lile dume, jeupe lenye doa jeusi kichwani, lilizunguka uani kwake peke yake, likiingia bandani na kutoka. Mayai yale sita yasipototoa, bata wa mume wake walikuwa wameishia hapo.

"Yalete," bibi alisema. "Kishingo ni mmoja lakini ana moyo."

Akachukua mkaa, akachora alama kwenye kila yai ili lisichanganyike na lingine, akayapanga chini ya kuku. Mimi nikauliza mbona hayaweki na ya kwake hapohapo, yote kwa siku moja.

"Ya bata yanatangulia," alinijibu. "Bata anataka Jumapili tano. Kuku anataka tatu. Ukiyaweka pamoja, vifaranga vya kuku vitatoka, mama yao atainuka awafuate, na ya bata yataachwa yapoe. Tutangoja Jumapili mbili, ndipo tuongeze ya kuku. Yatatoka pamoja."

Mama Masunga alinitazama, simu yangu mkononi, akacheka. "Na wewe mwalimu, hiyo simu umeilalia tangu mwezi wa ngapi? Itatotoa nini, redio?"

"Itatotoa ajira, shangazi."

"Basi igeuzegeuze. Naona imepata joto upande mmoja."

Tulicheka wote, lakini maneno yale yaliniuma kidogo. Nadhani tangu siku hiyo nikahamishia wasiwasi wangu kwa Kishingo. Nilimchungulia asubuhi, nikamchungulia saa nne, nikamchungulia baada ya chakula. Siku ya tatu nikamwona ameinuka. Alitoka stoo mbio, akala mtama, akanywa maji, akajigaragaza kwenye majivu ya nyuma ya jiko akijisugua kwa raha zake. Mimi nikahesabu dakika. Zilipofika kumi nikachukua fimbo ya kuanikia pamba nikaanza kumswaga arudi kwenye mayai.

Bibi alipiga kelele kutoka jikoni. "Weee! Unamfanya nini mama wa watu?"

"Bibi, mayai yatapoa!"

"Hayatapoa. Anajua. Huyo akikaa bila kuinuka hata mara moja, atafia pale juu na mayai yatakufa naye. Mwache ale, mwache aoge. Atarudi."

Na kweli alirudi mwenyewe. Akayageuza mayai kwa mdomo, moja moja, ya katikati yakaenda pembeni na ya pembeni yakaja katikati, kisha akajishusha taratibu. Nilitazama, nikasema nimeelewa. Kumbe sikuelewa kitu.

Jumapili mbili zikapita, bibi akaongeza mayai yake manane ya kuku. Yakawa kumi na manne. Kisha karibu na Jumapili ya nne ikaja habari kutoka Mwandoya kwamba mdogo wake anaumwa. Bibi akafunga mzigo wake. Aliniachia agizo moja tu mlangoni.

"Maji na mtama, basi. Usimguse."

Nilibaki peke yangu na kuku, na simu. Na simu, mwanangu, ndiyo iliyonipa jambo la kuhangaikia. Nilitafuta mayai ya bata hukaa siku ngapi. Ukurasa mmoja ukasema ishirini na nane. Mwingine ukasema thelathini na tano. Wa tatu ukasema inategemea aina ya bata. Mtu mwenye akili iliyotulia angesoma ule wa tatu, akakumbuka Jumapili tano za bibi, akaenda zake kufua. Mimi nilishika ule wa kwanza kwa sababu ndio ulionitisha.

Siku ya ishirini na nane ilipita kimya. Ya ishirini na tisa vilevile. Hapo nikaanza kujijengea hoja. Kama yale ya bata yamekufa, yataoza. Yakioza yatapasuka. Yakipasuka yatachafua yale manane ya bibi, na mbegu yote ya nyumba itapotea nikiwa nimekaa natazama. Ukinisikiliza ungesema ninafanya wema. Niliamini hivyo. Lakini nikikuambia ukweli wote, sikuwa nawaza mayai ya bibi. Nilitaka tu kujua.

Siku ya thelathini, Kishingo alipoinuka kwenda kula, nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikachukua yai moja la bata na kuliwekea tochi ya simu kwa nyuma. Nilikuwa nimeona picha za mayai yenye uhai, yana mishipa myekundu kama mizizi. Hili langu halikuwa na mshipa wowote. Lilikuwa jeusi lote, isipokuwa sehemu ndogo upande ulio butu. La pili, jeusi. Yote sita, giza tupu.

Nikasema, yameoza.

Nikalitoa la kwanza nje, nikajifunika pua kwa kanga kwa ajili ya harufu, nikaligonga kwenye jiwe la kusagia.

Hapakuwa na harufu. Palikuwa na bata. Alikuwa amejikunja, mdomo umelala juu ya kifua, manyoya ya manjano yameloa, macho yamefumba. Nilidhani amekufa. Kisha akafungua mdomo. Hakutoa sauti. Aliufungua tena, akasukuma mguu mmoja kwenye kiganja changu, na nilihisi kucha zake ndogo. Sijui ilichukua muda gani. Nilikuwa nimepiga magoti pale kwenye vumbi, nikisema "samahani, samahani," mpaka akaacha.

Nilikimbia stoo kuyarudisha kiotani yale matano. Kishingo akarudi, akanikuta mikono yangu imo ndani ya kiota chake. Alinidonoa, nikapiga ukelele, naye akaruka juu ya magunia, akatoka nje, akapanda kwenye uzio na kubaki pale akilalamika. Nilimwita kwa mtama, hakuja. Kila nikisogea alihama mbali zaidi. Upepo ulikuwa unavuma, na mayai kumi na matatu yalikuwa wazi.

Nikachukua pamba iliyobaki stoo nikayafunika. Halafu nikakaa chini, na sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia hata baba yako. Niliwaza uongo. Ningemzika yule bata nyuma ya choo na kusema kicheche amerudi. Kila mtu angeamini, kwa sababu kicheche alikuwa na sifa yake tayari. Nilishapanga hata maneno, nimeweka na mahali pa kulia. Kilichonitoa pale si ucha Mungu. Nilishika yai moja chini ya ile pamba nikaliona limepungua joto, nikajua kwamba mimi sijui namna ya kumrudisha kuku, na mtu wa karibu anayejua ni Mama Masunga peke yake. Kila dakika niliyotunga uongo ilikuwa inatoka kwenye mayai yake.

Nikaenda. Nilimkuta anachambua mchicha.

"Shangazi, nimevunja yai lako. Alikuwa hai. Na kuku amekataa kurudi."

Akasukuma ungo pembeni.

"Lini?"

"Sasa hivi."

"Basi unasimama nini? Twende!"

Alipofika alichuchumaa mbali na uzio, akamwaga mtama kidogo kidogo huku akimsemesha Kishingo kwa Kisukuma, sauti ya chini, kama mtu anayebembeleza mtoto wa mwenzake. Kuku alipokaribia akamdaka kwa mikono miwili, akambana mbawa, akampeleka stoo, akamweka juu ya mayai na kumfunika na tenga. Juu ya tenga akatupa gunia ili kuwe giza. Tulisikia akihangaika humo ndani, akipiga mbawa. Mama Masunga aliweka mkono juu ya gunia, akangoja. Polepole ikawa kimya, kisha ukaja ule mkwaruzo wa mayai yanapogeuzwa.

"Amekubali," alisema. Halafu, "Nionyeshe huyo."

Nilikuwa nimemfunga kwenye kipande cha pamba. Alimfunua, akamtazama, akapitisha kidole juu ya kichwa chake.

"Ana doa la baba yake," alisema. Alimchukua akaenda naye kwake.

Bibi alirudi baada ya siku mbili. Nilimweleza kabla hajavua viatu, yote, na ile habari ya tochi pia. Nilitegemea anifokee. Alikaa kwenye kigoda, akaomba maji, akanywa.

"Ulipowasha hiyo tochi uliona nini?"

"Giza, bibi."

"Giza lile ndiye yeye mwenyewe. Alikuwa ameshajaa yai zima, mwanga upite wapi? Angekuwa hayupo ungeona mwanga mpaka upande wa pili." Akaniangalia. "Wewe hukuwa na haraka ya vifaranga, Kabula. Ulikuwa na haraka ya kujua. Unadhani kuku anajua? Hajui. Anakaa hajui, siku zote hizo, na hajavunja hata moja."

Nilimwomba tuyapime tena kwa tochi, mara moja tu, ili angalau nimwambie Mama Masunga kama yale matano yamenusurika na ubaridi. Alikataa. Siku tatu zile zilizobaki ndizo ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi, na bibi akanifukuza nyumbani kabisa. Alisema sura yangu inamtia kuku homa. "Nenda shuleni," aliniambia, "mwalimu wa Kiswahili kahama, watoto wanacheza tu. Nenda ukafundishe, jioni utarudi utamkuta yupo palepale." Nikaenda, ili nisikae pale. Siku ya kwanza nilifundisha kipindi kizima bila kukumbuka kwamba nina simu.

Jumapili ya tano tulipotoka kanisani, Mama Masunga alitutangulia. Tulimkuta amesimama mlangoni mwa stoo, sikio limeelekea ndani, ametuinulia mkono tunyamaze. Ndani kulikuwa na sauti nyembamba, nyingi, zinazogongana. Kishingo alikuwa amejivimbisha, na chini ya ubawa wake kilitokea kichwa cha manjano chenye mdomo bapa.

Katika yale matano walitoka bata wanne. Kuku walitoka saba. La tano la bata halikutoa kitu. Bibi aliliacha mpaka Kishingo alipoinuka mwenyewe na kuwaongoza watoto wake nje, ndipo akaliondoa akalizika bila kulivunja. Mpaka leo sijui kama ni ubaridi wangu ulioliua, au halikuwa na kitu tangu mwanzo. Mama Masunga hakuwahi kuniuliza. Mwezi uliofuata, nilipopita uani kwake, bata wale wanne walikuwa wanamfuata Kishingo, na lile dume la mumewe linawafuata nyuma kwa mbali. Aliniita nimsaidie kuwawekea maji kwenye karai. Tulifanya kazi hiyo pamoja, na nilijua amenisamehe, lakini pia nilijua kwamba anawahesabu. Wanne, si watano. Mtu anaweza kukusamehe na bado akawa anahesabu.

Sasa sikiliza, mwanangu. Nilipoanza nilikupa maana ya neno kama ilivyoandikwa, na haina kosa. Lakini mtu akiisoma anaweza kudhani kwamba kuatamia ni kukaa tu na kungoja, na mwingine, kama mimi na wewe, akadhani ni kukaa na kuhangaika. Kazi hiyo ina mambo mengine ndani yake. Ina kuinuka ukala, ukanywa, ukaoga kwenye majivu bila aibu, kisha ukarudi. Ina kugeuza kilicho pembeni kije katikati. Ina kukubali kwamba cha bata kina siku zake na cha kuku kina siku zake, hata vikilala chini ya ubawa mmoja. Na zaidi ya yote ina kutojua, na kuendelea kutoa joto huku hujui.

Mtihani wako umeshaufanya. Kuchungulia simu ya mama yako hakuongezi alama hata moja, na kunakunyima chakula na usingizi ambao utauhitaji matokeo yakija, yawe mazuri au mabaya. Kwa hiyo nakushauri hivi. Tazama mara moja kwa siku, saa uliyoichagua, kisha mrudishie simu yake. Kula. Msaidie mama yako kazi ya kuchosha mikono. Tafuta mtu mmoja anayekuhitaji leo, hata kama ni mtoto wa jirani asiyejua kusoma. Ukiona giza mbele usiseme haraka kwamba kimeoza. Na ukishakosea, maana utakosea, nenda kwa mwenye yai useme, kabla mengine hayajapoa.

Sikufundishi kutoka mahali nilipofika. Ajira yangu haijatoka ninapoandika haya. Nafundisha kwa kujitolea shule ileile, na asubuhi nyingine wasiwasi unaniamsha kabla ya jogoo, nikalala nikiutazama tu. Haujaisha. Nimejifunza tu kutoupa kitu cha kuvunja.

Mungu akupe utulivu wa kukaa na wepesi wa kuinuka, mwanangu Limi. Akukinge na mikono yako mwenyewe siku utakapochoka kungoja. Na kile kilicho ndani yako, ambacho mimi sikioni na wewe hukioni, akilinde mpaka kigonge chenyewe.